Rangi ya Kwenda Tu

Begi nimeliazima kwa Mwalimu Chikawe.
Zipu inafika nusu, halafu inagoma kama punda,
lakini lina magurudumu mawili,
na hapa Kitangari magurudumu ni heshima.

Siku tatu Msimbati. Kikoba kimeridhia,
fedha za mnada wa tatu zimeingia,
na Mwanjaa keshapiga simu mara nne:
"Somoe, unavaa rangi gani, tupendeze kwenye picha?"

Rangi gani.
Nimemwaga kabati lote kitandani.

Mtwara naijua, jamani, si mgeni.
Nilishuka Ligula na gauni la vifungo mbele,
la kunyonyeshea, mtoto akichemka kifuani.
Nilishuka benki na baibui, kitambulisho ndani ya sidiria.
Nilishuka msibani kwa shangazi Binasa
na kaniki mbili, moja ya kuvaa, moja ya kulilia.
Kila safari ilikuja na nguo yake mkononi,
kama mgeni anayejua njia ya jikoni.

Lakini kwenda tu?
Bila mgonjwa, bila maiti, bila fomu ya kujaza,
kwenda kukaa mchangani niyatazame maji
mpaka yachoke yenyewe?
Vazi lake liko wapi?

Naanza na damu ya mzee. Hii inaficha.
Nusu ya nguo zangu ni damu ya mzee
kwa sababu maji ya bibo hayana adabu:
yakikudondokea Oktoba, utazikwa nayo.
Sisi wa mikoroshoni hatuchagui rangi,
tunachagua doa lisionekane.
Naikunja. Naitia begini.
Naitoa.

Njano ya bizari? Asumini atavaa hiyo, atang'aa;
mimi nitafanana na mtu aliyetumbukia kwenye mchuzi.
Zambarau ni ya harusi ya Siwema, inabana kwapani,
nitashindwa hata kupunga mkono.
Kijani, hapana. Watadhani natoka mkutanoni.

Mfaume kachungulia mlangoni.
"Siku tatu tu, mke wangu. Unahama?"
Sikumjibu. Yeye ana suruali mbili,
na moja iko mwilini.

Chini kabisa, ndani ya rambo
la tangu kabla hayajapigwa marufuku,
nikalikuta. Jeupe.
Nililinunua Masasi nikiwa mwali wa kuposwa,
nikalivaa mara moja, asubuhi moja,
mchana nikapita chini ya mkorosho wa jirani.
Ndimu nimetia. Jivu nimetia. Jiki nimetia
mpaka vidole vikachubuka.
Tena nyeupe inakunywa maji,
na maji huku kwetu tunayanunua kwa ndoo;
nani anafua anasa
wakati ugali haujasongwa?

Miaka kumi na mmoja nimelificha
kwa ajili ya doa la ukubwa wa kifuniko cha soda.

Sijali, mwanangu wa mwisho, kaligusa kwa kidole.
"Mama, linafanana na sikio."
Nikaangalia. Kweli. Sikio,
tena limekaa upande wa moyo.

Nikampigia Mwanjaa.
"Nyeupe."
"Nyeupe! Na mchanga wa kule mweupe, tutakuonaje?"
"Mtaniona," nikasema, nikakata kabla sijajitia woga.

Basi. Gauni juu. Chini yake kanga ya kujifunga,
ndala, dawa ya maumivu, kibiriti, sijui cha nini,
na korosho za kukaanga kilo mbili,
maana mtu haendi ugenini mikono mitupu
hata kama mwenyeji ni bahari.
Damu ya mzee imebaki kitandani
imekunja mikono kama mama mkwe.

Zipu imefika nusu.
Iliyobaki nimeifunga kwa mtandio.
Likirudi na matope nitalifua hukohuko,
maji yake ni ya bure,
ingawa wanasema
hayatoi povu.